Mbuzi Aliyerithiwa na Kipaza Sauti

"Walimwengu, sikilizeni! Walio macho waamke zaidi, na waliolala wasijisumbue, maana habari hii itawapita juu ya vichwa. Asubuhi hii tukufu, mbele ya mabomba haya matukufu, ninatangaza kwamba amepatikana mwanadamu wa kwanza katika shule hii kuielewa polimofizimu!"

Mwanadamu mwenyewe alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, povu la dawa ya meno limemzunguka mdomo, soksi moja mguuni na ya pili haijulikani iliko. Shuleni walimwita Balozi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata siku za mwanzo kabisa za kuwa bwenini, pale wenzake walipomtuma akawaombee msamaha kwa mwalimu wa nidhamu kwa kosa la kupiga kelele. Alihutubia kwa ufasaha na kwa kirefu mno, hata bweni zima likaongezewa adhabu.

"Ni nini hiyo?" aliuliza mmoja aliyekuwa akingoja bomba, taulo shingoni.

"Nini nini?"

"Hiyo poli-nani."

Balozi alitema povu kwa heshima zote. "Ni jambo zito, ndugu yangu. Ukielezwa kabla ya chai linaweza kukudhuru tumbo."

"Sema basi kwamba huelewi," alisema mwingine, "tunawe uso twende zetu."

Balozi alinyoosha kidole juu ili ajibu shutuma hiyo, ndoo ikateleza, na mwanadamu wa kwanza akashuka kutoka kileleni kwa makalio.

Ukweli, ambao Balozi hakupenda uzagae, ni kwamba jana yake kwenye klabu ya kompyuta aliulizwa aeleze polimofizimu ni nini, naye akaanza na "Tangu zama za mababu zetu," akaendelea mpaka Madamu wa kompyuta akamwomba akae chini kabla mababu hawajachoka. Neno lenyewe alilipenda. Lilikuwa refu kama treni ya mizigo na lilipendeza sana likitamkwa juu ya ndoo. Kilichokuwa ndani ya mabehewa ndicho hakukijua.

Na si kwamba Madamu hakumfundisha. Alimfundisha, tena kwa paka na kuku.

Ilikuwa hivi. Klabu ya kompyuta ilikuwa na chumba chake nyuma ya bwalo, chumba ambacho zamani kilikuwa cha kupigia pasi, ndiyo maana hadi leo kompyuta zilikaa juu ya meza ndefu zenye alama za moto za umbo la pasi. Humo ndimo ilimozaliwa programu iliyoitwa Mtangazaji. Kazi yake ilikuwa kuiambia shule nzima saa ya kuamka, ya kula, ya mapumziko na ya kulala. Kengele ya uani ilisikiliza Mtangazaji, taa za mabweni zilimsikiliza, na kioo kikubwa cha bwaloni, kile cha kuonyesha maandishi, kilimsikiliza pia.

Programu ya kwanza aliiandika Balozi mwenyewe, na ilifanya kazi kwa tabia ya mzee wa maswali. Wakati wa kutangaza ulipofika, ilikwenda kwa kila kifaa ikakihoji. Wewe ni kengele? Kama ni kengele, lia. Wewe si kengele? Basi wewe ni taa? Kama ni taa, konyeza. Si taa? Basi wewe ni kioo? Kila kilipoongezwa kifaa kipya, tumbo la programu lilipasuliwa, swali jipya likashonewa ndani, na mshonaji mara nyingi alisahau mkasi humo humo. Kuna siku kengele ililia tangu mwanzo wa mtihani wa hesabu hadi mwisho wake. Wanafunzi walisema ni hitilafu. Walisema hivyo kwa furaha kubwa.

Madamu aliitazama programu ile, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Programu ilikuwa vilevile.

"Balozi mwanangu, kwenu kuna paka?"

"Yupo, Madamu."

"Na kuku?"

"Wapo. Na jogoo mmoja mwenye dharau."

"Mama yako akitaka wote watoke jikoni, husemaje?"

"Husema, 'Tokeni!'"

"Hamsogelei kwanza kila mmoja akamuuliza, wewe ni paka? Kama ni paka, pitia dirishani?"

Chumba kizima kilicheka.

"Hapana, Madamu. Husema mara moja tu. Mara ya pili husema kwa mwiko."

"Basi neno lake ni moja. Paka hufanya nini?"

"Huruka dirishani."

"Kuku?"

"Hupita mlangoni na makelele, kama wanaofukuzwa kwa dhuluma."

"Jogoo?"

"Hutoka polepole, Madamu, kama aliyekuwa anaondoka zake hata hivyo."

"Na wewe?"

"Mimi hutoka na kitu mdomoni."

"Hiyo ndiyo polimofizimu," alisema Madamu. "Amri moja, maitikio mengi. Anayeamuru hana haja ya kujua paka hutokaje. Paka anajua mwenyewe. Programu yako isiulize wewe ni nani. Iseme 'tangaza', basi, na kila kifaa kiitikie kama kilivyofundishwa."

Balozi alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ilikuwa kazi aliyoimudu vizuri sana, kutikisa kichwa.

Aliyeelewa kwelikweli alikuwa msichana aliyekaa meza ya dirishani. Walimwita Sindano kwa sababu alikuwa mwembamba na alichoma. Tangu utotoni alikuwa akifungua redio za nyumbani kwao ili aone watu waliomo, na alipokosa watu hakukata tamaa. Alizifunga tena, na nyingine zikaimba vizuri kuliko awali. Sindano ndiye aliyeifundisha kengele namna yake ya kuitikia "tangaza", akazifundisha taa namna yao, na kioo namna yake. Mtangazaji akawa mfupi na mtulivu. Hakumhoji mtu tena.

Balozi alipewa kazi iliyoonekana nyepesi kuliko zote. Aliambiwa amwandike mzazi.

"Vifaa vyote hivi ni ndugu," Madamu alieleza. "Kila kimoja kina jina lake, mahali kilipofungwa, waya wake. Mambo wanayoshirikiana tuyaweke kwa mzazi mmoja, tumwite Kifaa, na wote wayarithi. Na kwa kuwa wote wataamriwa 'tangaza', na muda ukiisha 'nyamaza', mpe na mzazi jibu lake kwa kila amri. Awe kimya. Aniandikie tu kwenye kompyuta yangu kwamba kuna mtoto hajafundishwa."

Moyo wa Balozi uliingia mchanga. Sindano amepewa kengele inayosikika mpaka barabarani, yeye amepewa kitu kisichokuwepo! Maana nani aliwahi kukiona Kifaa kimetundikwa ukutani? Ukutani hutundikwa kengele. Ukutani hutundikwa taa. Kifaa ni hewa, ni jina tu. Kwa hiyo, Balozi alijiambia kwa busara zake zote, chochote atakachomwekea mzazi huyu hakitasikika na kiumbe hai mpaka siku ya kiyama.

Basi akamwekea mbuzi.

Si mbuzi wa kweli. Wenzake walipokwenda kunywa chai, alibaki chumbani, akajifunika sweta kichwani ili sauti isitoke nje, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni na kulia kama mbuzi aliyekatishwa tamaa na maisha. Mlio ulianza chini, ukapanda, ukatetemeka, na mwishoni, kwa sababu ya manyoya ya sweta, ukamalizika kwa kikohozi kidogo chenye adabu. Aliurudia kuusikiliza akaona ni kazi bora kuliko zote alizowahi kuzifanya shuleni, na kwa masikitiko lazima isemwe kwamba hakukosea.

Wiki zikapita, muhula ukasonga. Kengele ililia, taa zikakonyeza, kioo kikaandika, na mbuzi akalala usingizi wa pono ndani ya mzazi wake. Madamu alijaza majina ya watakaokwenda kwenye mashindano ya vilabu vya kompyuta, mji mwingine kabisa, na aliyechaguliwa kumsimamia Mtangazaji mbele ya majaji alikuwa Sindano. Safari ilikuwa Jumamosi. Sindano alikuwa hajawahi kwenda popote isipokuwa nyumbani na shuleni. Tangu mwanzo wa wiki sketi yake ya marinda ilikuwa imelazwa chini ya godoro ili marinda yakae sawa, naye alilala chali usiku kucha bila kugeuka.

Sasa turudi kwenye siku ile ya ndoo.

Asubuhi hiyo wajumbe wa bodi ya shule walikuwa wageni ofisini kwa mkuu wa shule, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Mkuu. Madamu alitaka ofisi hiyo nayo iwe na kipaza sauti kidogo, ili wakati wa mapumziko sauti laini iseme, "Sasa ni mapumziko," badala ya mtu kubisha hodi. Balozi alikutana na Sindano mlangoni mwa darasa, bisibisi mfukoni, vumbi la ukuta nyweleni.

"Kipaza nimeshakifunga," alisema Sindano. "Nimekitambulisha kwa Mtangazaji, nimekiweka chini ya Kifaa kama wenzake. Bado kukifundisha kusema. Nitakifundisha baada ya mapumziko."

"Na wakati wa mapumziko kitafanyaje?"

"Kitakaa kimya. Si mzazi wake ni mkimya? Umemwandika wewe."

"Mkimya sana," alisema Balozi.

Kitu kidogo kilimkuna tumboni, mahali ambapo kwa watu wengine huwa pana dhamiri. Lakini akajikumbusha kuwa mzazi hajatundikwa ukutani. Kilichotundikwa ni kipaza. Mzazi hewa, kipaza kipaza. Akaingia darasani akipiga mluzi.

Darasa lao lilipakana na ofisi ya Mama Mkuu, ukuta mmoja tu katikati. Mapumziko yalipowadia, Mtangazaji alisema neno lake moja kwa watoto wote wa Kifaa. Uani kengele ikalia. Mabwenini taa zikakonyeza. Bwaloni kioo kikaandika. Na ofisini, kutoka juu ya kabati la vikombe vya ushindi, kipaza kipya kikalitafuta jibu lake, kisilione, kikamgeukia mzazi wake kama mtoto yeyote mwema, kikaitikia:

"Meeee-e-e-eee! Khe."

Karani aliyekuwa akipitisha sinia la chai alisimulia baadaye, huku akishika mbavu, kwamba wakati huo mwenyekiti wa bodi alikuwa amesimama anasema, "Na hebu tujiulize, ndugu wajumbe, ni nani atakayeliongoza taifa la kesho?" Alinyamaza kidogo ili swali liwaingie. Ndipo lilipojibiwa. Na kwa kuwa kengele ya mapumziko hulia kwa kurudiarudia, jibu nalo lilirudiwa, tena na tena, kila mara na kikohozi chake, mpaka mwalimu wa nidhamu alipopanda juu ya kiti na kuung'oa waya.

Upande wa pili wa ukuta, Balozi alikuwa amekaa wima kama msumari. Darasa zima lilikuwa limelaliana mezani kwa kicheko. Yeye hakucheka. Ni mara ya kwanza mtu kumwona hivyo, na jirani yake akamuuliza kama anaumwa.

Mwalimu wa nidhamu aliitwa Rula, kwa kuwa alipima kila kitu: upindo wa sketi, urefu wa nywele, hata nafasi kati ya kitanda na kitanda. Zamani alikuwa mwalimu wa kwaya na sikio lake lilikuwa kali kuliko rula yake. Aliipanga shule nzima uwanjani.

"Huyu mbuzi ni mtu," alisema. "Nimefuga mbuzi tangu utotoni. Mbuzi haombi radhi kwa kukohoa. Sasa kila mmoja wenu atalia kama mbuzi mbele yangu, na nitamjua. Kuanzia kushoto. Lia!"

Shule haikuwahi kuwa na mchana mzuri kama ule. Nahodha wa mpira alilia kwa sauti nzito kama ng'ombe dume aliyepotea njia. Kiranja mkuu alilia kwa ufupi na usahihi, kama anayesoma taarifa. Mapacha wa bweni la juu walilia kwa sauti mbili zinazopatana, ya kwanza na ya tatu, na Rula, kwa mazoea ya zamani, akawaongoza kwa kidole kabla hajakumbuka kazi iliyomleta. Msichana mmoja alilia vizuri mno hata mbuzi wa kweli akamjibu kutoka nje ya ua. Rula hakumuuliza mtu yeyote yeye ni nani. Alipita tu akisema "Lia!", "Lia!", na kila mmoja akatoa cha kwake.

Balozi alikuwa safu ya katikati, jasho jembamba likimtiririka mgongoni, na ghafla akajisikia kusema "Aaa!" kwa sauti ndogo. Paka dirishani, kuku mlangoni! Amri moja, maitikio mengi! Kumbe ndiyo hii! Treni ilikuwa imesimama mbele yake na milango ya mabehewa yote iko wazi.

Ndipo Rula alipomfikia mwanafunzi mgeni, kijana aliyehamia muhula huo na aliyekulia ghorofani.

"Lia!"

"Samahani, Mwalimu. Sijui mbuzi hulia vipi."

"Hujui?"

"Sijawahi kukutana naye, Mwalimu. Akiwa hai."

Rula aliangalia mbingu, akaangalia chini, akavuta pumzi. "Lia kama mimi basi. Mee!"

Mlio huo wa mwalimu wa nidhamu ulisikika hadi jikoni, na wapishi wakatoka nje na miiko yao. Kijana mgeni akaurudia hivyohivyo, na ukali wake, na hata namna ya kukunja uso. Kuanzia hapo, kila mwoga ambaye hakuwa na mlio wake aliutumia wa Rula. Safu nzima ikawa inalia Rula.

Hapo Balozi aliacha kufurahia. Asiye na lake hutumia la mkubwa wake. Jibu la mzazi, basi, halikuwa limefichwa mahali pasipofikika. Lilikuwa jibu la kila mtoto ambaye bado hajafundishwa. Mbuzi hakuwa amezikwa. Alikuwa amewekwa mlangoni, akimngoja mtoto wa kwanza atakayepita mikono mitupu. Na mtoto huyo alikuwa amefungwa ukutani na Sindano.

"Wewe. Lia!"

Balozi alifungua mdomo, akachagua usalama, akalia Rula.

"Huyu angalau anafuata mfano," alisema Rula, akapita.

Ameokoka! Za mwizi ni arobaini, nazo zilikuwa bado hazijatimia. Lakini Mama Mkuu alikuwa ameshuka ngazi za ofisi, uso umetulia kwa namna ambayo wanafunzi waliiogopa kuliko hasira.

"Inatosha, Mwalimu. Tusiulize sauti, tuulize kipaza. Nani amekifunga?"

"Mimi, Mama," alisema Sindano.

"Ulikifundisha kusema nini?"

"Bado sijakifundisha kitu, Mama."

"Kimejifundisha chenyewe?"

Watu wakacheka.

"Wageni wangu wametukanwa ofisini kwangu na chombo chako," alisema Mama Mkuu. "Kipaza ni chako, basi na mbuzi ni wako. Jumamosi hutakwenda. Madamu atatafuta mwingine, na kama hayupo, shule haitawakilishwa."

Madamu alianza kusema jambo, Mama Mkuu akainua mkono. Chumba cha kompyuta kikafungwa, ufunguo ukaingia mfuko wa Rula, na shule ikatawanyika kwenda kula.

Balozi alimkuta Sindano nyuma ya bwalo, amekaa juu ya ngazi ya kile chumba kilichofungwa, anazungusha bisibisi kati ya vidole. Hakuwa analia. Ingekuwa nafuu kama angelia. Balozi angepata la kusema.

"Pole, dada," alijaribu.

"Mzazi uliyemwandika," alisema Sindano bila kumtazama. "Hukumwacha kimya, eti?"

Balozi alitazama viatu vyake.

"Nilijua pale pale kilipolia nyuma ya ukuta. Kisichofundishwa huenda kwa mzazi, hakuna pengine pa kwenda. Na kile kikohozi ni chako, unakohoa hivyo kila ukimaliza hotuba."

"Mbona hukusema?"

"Kwani mimi ni redio yako? Sikusemi. Mdomo unao mwenyewe, tena mkubwa." Aliinuka, akajipangusa vumbi. "Nakwenda kuitoa sketi chini ya godoro. Nimechoka kulala kama maiti."

Balozi alibaki pale peke yake. Kisha akavuta soksi zake juu, akaelekea ofisini.

Mle ndani walikuwemo Mama Mkuu nyuma ya meza, Rula karibu na dirisha, na Madamu aliyekuwa amesimama kama mtu aliyeambiwa "hapana" mara nyingi. Wageni walikuwa wamekwenda. Kipaza kiliangalia chini kutoka juu ya kabati, waya unaning'inia.

"Mama Mkuu," alisema Balozi, "nimekuja kama mtaalamu."

"Wa nini?"

"Wa polimofizimu, Mama."

"Ni ugonjwa?" aliuliza Rula.

"Ni elimu, Mwalimu, na leo umetufundisha vizuri kuliko kitabu chochote." Balozi alikuwa ameingia na mpango, na mpango ulikuwa huu: kumwokoa Sindano kwa sayansi tupu, bila kutaja jina la mtu yeyote. "Mama, leo uwanjani Mwalimu alitoa amri moja tu. Lia. Hakumwambia nahodha lia hivi, wala hakumwambia kiranja lia vile. Kila mmoja alijua lake. Mtangazaji naye husema neno moja, tangaza. Kengele inajua lake. Taa zinajua lao. Mtoa amri hahangaiki."

Madamu taratibu alivuta kiti akakaa. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Endelea," alisema Mama Mkuu.

"Sasa, yule mgeni hakuwa na mlio wake. Alilia mlio wa nani?"

Rula alikohoa, akatazama nje.

"Wa aliye juu yake," alisema Balozi. "Nasi hatuwezi kumlaumu mgeni kwa mlio ule, maana hakuutunga yeye. Aliupokea tu. Kipaza cha Sindano ni yule mgeni, Mama. Alikifunga, alikiunganisha, hakikuwa kimefundishwa bado, kama alivyosema. Kilipoamriwa kitangaze, kikaenda kwa mzazi wake kuazima jibu. Mbuzi hakutoka kwa Sindano. Ametoka kwa mzazi."

Madamu alikuwa akitabasamu huku amejiziba mdomo.

"Umenieleza jambo ambalo Madamu wako amejaribu kunieleza tangu asubuhi," alisema Mama Mkuu. "Nimelielewa. Kwa hiyo binti hana kosa."

"Hata chembe, Mama!"

"Aitwe, aambiwe safari yake iko palepale."

Balozi aliinama kwa heshima, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Alikuwa ameshaushika mkono wa kitasa.

"Na huyo mzazi," alisema Mama Mkuu, "ameandikwa na nani?"

Mkono uliganda kitasani.

"Ameandikwa na klabu, Mama."

"Klabu haina vidole."

"Ni kijana mmoja wa klabu, Mama."

"Kijana gani?"

"Wa urefu wa wastani."

"Ana jina?"

"Analo, Mama. La heshima tu."

Mama Mkuu aliweka kikombe chini. "Balozi, lia."

Angeweza kulia kama Rula tena. Alilifikiria hilo, na hata mdomo alikuwa ameshauweka tayari. Lakini alikuwa ametoka kueleza kwa ufasaha mkubwa kwamba anayelia mlio wa kuazima hakuutunga yeye, na watu watatu waliomtazama walikuwa wameelewa vizuri mno. Akafumba macho. Mlio ulianza chini, ukapanda, ukatetemeka kwa uchungu wa maisha, na ulipokwisha, bila sweta, bila hila, kikohozi kikatoka chenyewe.

"Ndiye," alisema Rula kwa sauti ya mtu aliyesikia wimbo wa zamani. "Na sauti hii nilimkatalia kwaya!"

"Ni mimi, Mama," alisema Balozi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shule hotuba yake ilikuwa fupi. "Madamu aliniambia nimwache mzazi kimya. Nilidhani hakuna atakayemsikia. Sikuwa nimeelewa. Sindano hakujua, na alipojua hakunisema. Adhabu iwe yangu."

"Itakuwa yako," alisema Mama Mkuu, na pembe za mdomo wake zilikuwa zikipigana na kitu. "Tena utaitumikia hadharani. Lakini kabla hatujaipanga, nijibu swali moja. Madamu anataka kurudisha waya ule sasa hivi. Kuna mnyama mwingine humo ndani?"

Balozi alimtazama Madamu, ambaye mkono wake ulikuwa tayari umeushika waya. Akamtazama Rula.

"Jibu la 'tangaza' lilikuwa mbuzi, Mama," alisema. "La 'nyamaza' ni bata."